Mwonja Maji wa Chamazi

Asubuhi ya kuonja kisima hakunywa chai. Kitunguu alikiacha tangu jana yake, mswaki alipiga kwa kijiti kitupu bila dawa, na mtu aliyejipulizia manukato hakuruhusiwa kumsogelea. Akifika kwenye kiwanja anakuta watu wamekwisha kusanyika: mafundi wa mtambo wa kuchimbia wamejaa tope mpaka masikioni, mwenye nyumba kavaa shati lililopigwa pasi, majirani wameshika ndoo. Yeye anatoa kwenye mkoba wake kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, anakinga mwenyewe mdomoni mwa pampu, anatia maji kinywani na kunyamaza. Hapo ndipo palipokuwa na uhondo wote. Maji hakuyatazama. Alimkazia macho mwenye kisima, mpaka mtu mzima na mvi zake anaanza kuhamisha uzito mguu huu na ule kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Kisha anameza, anatamka neno moja, anafuta kikombe, anaondoka.

"Matamu." Au, "Chumvi." Mara chache, "Kutu."

Kwa neno hilo moja watu walipiga vigelegele au waligeuza ndoo na kurudi makwao. Huku kwetu Chamazi, na upande wote wa Mbagala, mtu anapochimba kisima hofu yake ni chumvi tu. Unaweza kupata maji ya kuogesha kata nzima, ukayachemshia chai ikawa kama mchuzi wa dagaa. Kwa hiyo mwenye maji matamu ana heshima yake. Kwenye shughuli anaalikwa kabla ya mwenye gari. Aliyegawa heshima hiyo ni yule mama wa kikombe cha bati, na hakuna aliyewahi kukata rufaa. Jina lake mtaani halikutumika, nami silitumii. Akiwa hayupo tulimwita Mwonja Maji. Akiwepo tulimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha sayansikimu shule ya msingi mpaka alipostaafu.

Nami niseme mimi ni nani, kwa kuwa bila mimi sehemu kubwa ya habari hii isingetokea, na sioni sababu ya kujifanya mnyonge. Niliondoka hapa nikiwa kijana wa kubeba saruji. Nikavuka mpaka kwenda kusini, nikaanza kwa kuosha chupa katika maabara ya maji ya mgodi mmoja, nikasoma huku nafanya kazi, nikapata stashahada ya maabara ya maji. Nilipoondoka kule, majibu yalikuwa hayatoki mlangoni bila saini yangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Wenzangu wamezoea kurudi na jokofu na televisheni. Mimi nilirudi na sanduku la vifaa vya kupimia sumu kwenye maji, nikapanga fremu karibu na sokoni, nikatundika stashahada yangu ukutani ndani ya kioo. Wengine walicheka. Leo hawacheki.

Yule mama alikuja siku ileile niliyofungua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaisoma stashahada yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Alinipa mkono kwa heshima. Kisha akaniuliza kama hicho cheti kinaweza kuonja.

"Hakionji, Mwalimu," nikasema. "Kinapima."

"Basi kipime. Sie tutaonja."

Tangu siku hiyo mimi nikawa Diploma. Mtaa mzima ukafuata, na nakiri jina hilo lilinipendeza kuliko alivyokusudia.

Alikuwa mtu wa majivuno kama mimi, na nadhani ndiyo sababu tulipatana. Aliamini kwamba alifundisha nusu ya wake wa Temeke kupika wali usioshikana, na kila alipopita nyumba yenye harufu nzuri ya chakula alisema, "Huyo wangu." Hata kama mpishi ni mwanamume. Alikagua kucha za watu waliokuja kuteka maji kwake. Mwenye kucha chafu alirudishwa, awe mjumbe, awe mchungaji. Lakini palipotokea msiba, lango lake lilikuwa wazi kutwa na hakuuliza kucha za mtu. Alikuwa mkali kwa wazima na mpole kwa wafiwa. Kanisani aliimba kwaya kwa sauti kubwa isiyokuwa na noti hata moja iliyo sawa, na mwalimu wa kwaya, aliyejua kila kitu kuhusu noti, hakuthubutu kumwambia, maana kisima chake kilikuwa bado hakijaonjwa.

Na alichemsha. Mwanamke huyo alichemsha maji kwa imani. Wengine huacha yakitokota tu. Yeye aliyaacha yatokote mpaka yapungue, sufuria ikionyesha mstari wa pale maji yalipokuwa mwanzo. Alisema maji yasiyopungua hayajaiva. Uji wake, chai yake, mchuzi wake, vyote vilipikwa kwa maji yaliyotokota mpaka yakachoka. Ukimtembelea anakupa glasi ya maji hayo, anasimama mbele yako mpaka umalize.

Maji yenyewe yalikuwa ya kisima chake cha uani, na hapa lazima niwe mkweli: sijawahi kunywa maji matamu kama yale, huku wala huko nilikokwenda. Alikuwa amekionja mwenyewe siku kilipochimbwa, akatamka "Matamu" mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kisima kingine. Nyumba nyingi za mtaa zilikunywa kwake.

Jirani yake wa ukuta mmoja, mzee wa geti la bluu, alikuwa na kisima pia. Mzee huyo ni Mzaramo, na Mwonja Maji ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na wote tunajua utani huo hauna breki. Siku alipoitwa kuonja kisima cha mzee, mbele ya umati, hakutamka neno moja kama desturi yake. Alitema. Akasema, "Haya wape mbuzi." Watu walianguka kwa kicheko. Mzee naye alicheka, maana mtani hanuni, lakini tangu hapo kisima kile kikaitwa cha mbuzi, na hakuna aliyekwenda kuteka kwake isipokuwa maji ya kufyatulia matofali. Nilipokuwa nakaa naye barazani niliona kwamba ile haikumwisha moyoni. Ukisema mtani amekutania, sawa. Lakini yule hakuwa mtani tu. Alikuwa Mwonja Maji.

Sasa nije kwenye kazi yangu.

Kuna sumu inaitwa aseniki. Haimwagwi na mtu. Imo ndani ya baadhi ya miamba na udongo wa chini tangu ardhi ilipojipanga, na maji yakikaa huko chini yanaichukua kidogo kidogo. Hufanya kazi polepole, kwa miaka: ngozi inaota madoa, viganja vinakakamaa, halafu yanakuja magonjwa makubwa ndani ya mwili. Kwa mama mjamzito na mtoto mchanga ni mbaya zaidi. Kisima kimoja kinaweza kuwa nayo na cha jirani kisiwe nayo, kwa sababu vimefika kwenye tabaka tofauti. Na ya mwisho, ile iliyonifanya nisilale nilipoisoma mara ya kwanza kule kusini: haina rangi, haina harufu, haina ladha. Bomba la mji lina watu wake wa kulipima. Kisima cha uani kwako hakina mtu isipokuwa wewe. Usipokipima wewe, hakipimwi.

Nilitangaza kwamba nitapima visima vya mtaa wetu bure kama shukrani ya kurudi nyumbani. Walikuja wengi. Mwonja Maji hakuja. Alipeleka ujumbe kwamba kumpimia yeye maji ni sawa na kumpimia padri ubatizo. Nami nikajibu, kupitia midomo ileile iliyoleta ujumbe, kwamba labda anaogopa. Ilifika kwake kabla chai yangu haijapoa.

"Njoo uani kwangu Jumamosi," aliniambia akiwa amesimama mlangoni mwa fremu. "Njoo na visanduku vyako. Mie nitaonja, wewe utapima, halafu watu waseme nani anajua maji."

Wakati huo, ieleweke, alikuwa na jambo kubwa zaidi ya ubishi. Binti yake wa pekee, aliyeolewa Dodoma, alikuwa na mimba ya kwanza na alikuwa anakuja kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya uzazi wa kwanza, na kukaa mpaka arobaini ipite. Yule mama alikuwa amepaka chumba rangi, amenunua kitanda, amekusanya vitenge vya kubebea. Kila mtu aliambiwa kwamba mjukuu ataogeshwa na kulishwa kwa maji matamu kuliko yote ya Temeke. Binti alifika Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano yetu, tumbo likiwa limetangulia.

Jumamosi uani palijaa. Niliweka meza chini ya bati, nikapanga glasi tatu: maji ya kisima chake, ya mzee wa geti la bluu, na ya bomba la mji niliyoyateka kwa jamaa yangu. Mwonja Maji akasema hahitaji hata kuona. Akajifunga kanga machoni mwenyewe, akauliza kama kuna anayetaka kukagua fundo.

Alionja ya kwanza. "Hii ya bomba. Imekaa kwenye tangi jeusi, tangi lenyewe jipya."

Jamaa yangu alishika kichwa; tangi alikuwa amelinunua juzi.

Ya pili hata hakuimeza. "Mtani," alisema akigeukia upande aliosimama mzee, ingawa haoni, "mbuzi wako hawakumaliza?"

Watu wakalia kwa kicheko. Ya tatu aliinywa yote, akaweka glasi mezani taratibu, akavua kanga. "Na haya ni ya kwangu. Pima sasa, Diploma."

Nilijivunia kuwa jirani wa mtu wa namna ile. Nimeona mashine za gharama kubwa zikikosea vitu ambavyo ulimi ule haukukosea. Kisha nikafanya kazi yangu. Kila maji kwenye chupa yake, unga wake, mfuniko wenye kipande cha karatasi nyeupe ndani yake. Niliwaeleza watu: karatasi ikibaki nyeupe, hakuna neno, ikibadilika, aseniki imo. Tukasubiri. Wengine walianza kula karanga.

Karatasi ya bomba ilibaki nyeupe. Ya mzee ilibaki nyeupe. Ya kisima cha Mwonja Maji ilianza kuwa ya manjano pembeni, ikaenea, ikakolea mpaka ikafanana na chai ya rangi.

Nilirudia na chupa mpya. Ikawa vilevile.

Hakuna aliyecheka. Yule mama aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Alipouliza, sauti yake ilikuwa ndogo, ya darasani mtihani ukiwa unaendelea. "Nani kaitia?"

Macho ya watu, wenyewe mnawajua watu, yalimwendea mzee wa geti la bluu.

"Mie huko chini sijafika, mtani," akasema mzee. "Magoti hayaniruhusu."

Nikaeleza upesi kwamba hakuna aliyeitia, ni udongo wenyewe wa kule kilikofika kisima, na kwamba nitapeleka maji mengine maabara kubwa mjini yathibitishwe kabla ya kusema neno la mwisho. Lakini mpaka hapo yasinywewe na yasipikiwe. Kuogea, kufulia, kudekia, hakuna ubaya.

"Ulimi wangu umekosea wapi?" akaniuliza.

"Haujakosea popote, Mwalimu. Umetaja maji yote matatu sawasawa. Hili halikuwa swali la ulimi."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alinyoosha mgongo, akapata njia. "Basi nitachemsha. Nitachemsha zaidi."

Jikoni kwake, wazi mbele yetu sote, sufuria kubwa ilikuwa juu ya mkaa tangu asubuhi, maji ya uji wa binti yake. Yalikuwa yamekwisha kupungua, mstari ukionekana. Sikutaka kumhubiria mwalimu mbele ya watu, kwa hiyo niliuliza swali tu.

"Mwalimu, supu ukiichemsha ikapungua, chumvi inapungua?"

Alikuwa amelifundisha hilo miaka yote, ubaoni, kwa chaki. Nililiona jibu likimfika kabla hajafungua mdomo.

"Inazidi," akasema.

Alitazama sufuria. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na bakuli tupu mapajani, akiusubiri uji. Kisha akaenda, akashika masikio ya sufuria kwa kanga ileile aliyojifunga machoni, akamwaga maji yote mchangani. Mvuke ukapanda, hatukumwona kwa muda kidogo. Mvuke ulipotoka alikuwa bado ameinamia sufuria tupu.

Wapo wanaosema kwamba siku zile alijificha. Si kweli, nilikuwepo. Kwanza alifunga bomba la kisima kwa mnyororo, mtaa ukanung'unika, wengine wakasema Diploma amenunuliwa na wauza maji ya chupa. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumnunulia binti yake maji ya dukani na kuwaacha wengine waendelee, na jina lake lingebaki palepale. Majibu ya maabara kubwa yalipokuja yakikubaliana na yangu, na nilijua yatakubaliana, alinunua rangi nyekundu. Akalipaka bomba lake mwenyewe mbele ya majirani, kuanzia mdomo mpaka chini, akaandika ukutani kwa ile hati nzuri ya mwalimu: KUFULIA NA KUOGA. SI YA KUNYWA, SI YA KUPIKIA. Halafu akapita nyumba kwa nyumba kwa wote waliokuwa wakiteka kwake. Nilimsindikiza, nikiwa nimejiandaa kueleza mambo ya kitaalamu, lakini hakunipa nafasi. Alisema maneno yaleyale kila mlango: maji nilisema matamu, na ni matamu, na yana sumu, msinywe.

Kuna mmoja aliyemjibu kwa jeuri kwamba ameyanywa miaka na hajafa. "Nami nimeyanywa," akasema, na akafungua viganja vyake, vilivyokuwa na vidundu vigumu ambavyo siku zote alidai ni vya kushika masufuria. "Kesho nakwenda hospitali. Twende wote." Walikwenda wote. Huyo mjeuri ndiye leo anayewafukuza watoto pale penye bomba jekundu.

Lakini bado kulikuwa na binti, na uji. Maji ya bomba la mji yalikuwa yanakuja kwa msimu yaliojipangia yenyewe, ya chupa si ya kupikia nyumba nzima kila siku, na visima vingine nilivyopima vilikuwa mbali. Kisima kilichokuwa kimepimwa, kikawa salama, na kiko karibu, kilikuwa kimoja. Kilikuwa upande wa pili wa ukuta wake.

Alikwenda mchana, watu wakimwona, na ndoo mkononi. Mimi nilikuwa barazani kwa mzee tunacheza bao, kwa hiyo niliyasikia yote. Aligonga geti la bluu, mzee akafungua, akamtazama yeye, akaitazama ndoo.

"Karibu, mtani. Leo umeleta mbuzi?"

"Nimekuja kuomba maji ya binti yangu."

"Utayaomba vizuri. Ulitema mbele ya watu. Utaonja mbele ya watu. Onja, useme."

Kwa utani wa Wazaramo na Wanyamwezi mzee alikuwa na haki ya kudai hivyo, na yule mama hakuwa na haki ya kukasirika. Watu walishaanza kusogea. Alitoa kikombe chake cheupe, akakinga, akatia kinywani, akamkazia macho mzee kama alivyowakazia wote kabla yake. Sote tulijua anachotakiwa kusema. Neno moja tu, "Matamu," na mzee amepata jina lake, na ndoo imejaa, na binti amekula. Nani angemlaumu?

Akameza.

"Chumvi ni ileile, mtani," akasema. "Nijazie ndoo."

Mzee alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika geti, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akajaza ndoo mwenyewe na kuibeba mpaka jikoni kwa yule mama, licha ya magoti yake. Baadaye aliniambia kwamba angesema matamu, asingempa. Maana hapo ndipo angejua kwamba hata lile la mbuzi lilikuwa uongo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye mapafu ya bibi yake. Aliogeshwa kwa maji ya bomba jekundu na mama yake akanyweshwa uji wa maji ya mbuzi, na arobaini ilipopita mzee wa geti la bluu aliketi kiti cha mbele.

Usidhani mambo yaliishia hapo, kwa kuwa watu wa Chamazi hawakuwahi kujifunza jambo moja bila kuligeuza lingine. Baada ya mwezi hivi likazuka wazo kwamba chumvi ndiyo dawa. Ikiwa kisima kitamu kina sumu na cha chumvi ni salama, basi maji matamu ni ya kuogopwa. Watu waliokuwa wakivizia maji matamu miaka yote wakaanza kujisifu kwa chumvi ya visima vyao, na jamaa mmoja alimwita Mwonja Maji aje amthibitishie kwamba maji yake yana chumvi ya kutosha. Nilijaribu kueleza kwenye mkutano wa mtaa, kwa michoro, nikiwa na kalamu nzuri. Walinipigia makofi na hawakunielewa. Mwonja Maji akasimama nyuma.

"Nani hapa alipata mtoto kwa kuangalia tumbo tu bila kwenda kliniki?" akauliza. "Chumvi si cheti, utamu si cheti. Cheti ni cha Diploma. Kaeni chini."

Wakakaa chini. Na tangu siku hiyo akabadilisha desturi aliyoianzisha mwenyewe. Hakuonja tena kisima kilichokuwa hakijapimwa. Wakimwita anauliza kwanza majibu. Hakuna majibu, kikombe hakitoki mkobani. Mafundi wa mtambo, ambao zamani walimleta yeye wakishaona maji, wakaanza kuja kwangu kwanza. Nimepima visima vya Temeke na Kinondoni mpaka nimeajiri watu. Vichache sana vimekuwa na aseniki, namshukuru Mungu, na kila kilichokuwa nayo kina rangi nyekundu mdomoni. Wengine walichimba upya kwa kina kingine, wengine wameweka mtambo wa kuchuja uliotengenezwa kwa sumu hiyo hasa, kwa kuwa kitambaa, mkaa na vidonge vya dawa haviigusi, wengine wanakinga mvua. Na kila mwaka tunapima tena. Hayo yote ni kazi yangu, nayaandika bila aibu. Lakini aliyewafanya wanisikilize ni mtu aliyekuwa na kila sababu ya kutaka nisisikilizwe.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa Kinyerezi, si zamani sana. Nimejenga huko, nyumba ya vigae, ambapo mitambo ya umeme wa gesi inavuma kutwa kama bahari isiyopoa. Nilichimba kisima changu mwenyewe, kirefu kuliko vyote nilivyowahi kusimamia, na nikaitisha kuonja kama zamani: mafundi, majirani wapya, ndoo, na mimi katika shati lililopigwa pasi. Nilimpelekea gari. Alishuka polepole, amepungua, mjukuu wake amemshika mkono, msichana sasa wa shule, anayeishi kwa bibi yake, mwenye magoti yenye vumbi. Viganja vya bibi bado vina vidundu vyake. Daktari anaviangalia, havijaongezeka.

Alinisalimu, akazunguka pampu, akakaa kwenye kiti.

"Majibu yako wapi?"

Nikampa karatasi kwa furaha. Aliisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini, kama alivyosoma stashahada yangu siku ile. Kisha akanirudishia.

"Hii saini ni ya nani?"

"Yangu, Mwalimu."

"Na kisima ni cha nani?"

Majirani wapya waliinamisha nyuso. Nilianza kusema kwamba katika jiji hili hakuna saini iliyo bora zaidi, jambo ambalo ni kweli, naye akakubali kwamba ni kweli. Lakini kikombe hakikutoka. Alikula wali wangu, akausifu kwa kusema mpishi lazima alikuwa mwanafunzi wake, akarudi Chamazi. Nikapeleka maji maabara nyingine, kwa mtu ambaye hanipendi. Majibu yalipokuja, salama kabisa kama nilivyosema, nilimpelekea gari kwa mara ya pili.

Aliisoma karatasi mpya. Akafungua mkoba, akatoa kikombe cheupe chenye ukingo wa bluu, sasa kimebanduka rangi sehemu mbili tatu. Akakinga mwenyewe. Akatia kinywani, akanyamaza, na macho yale yakaniangukia mimi. Nimesimama mbele ya wakaguzi wa migodi. Nimesimama mbele ya mahakimu kama shahidi wa kitaalamu. Mguu wangu ulihama.

Akameza. Kwanza akampa mjukuu wake kikombe, mtoto akanywa yote bila kupumzika, akafuta mdomo kwa mkono wa sare. Ndipo akanigeukia.

"Chumvi," akasema. "Hongera, Diploma."